Betri Iliyoadhini

Umeme ulikuwepo Cyangugu, hilo halikuwa na ubishi. Ulizaliwa kule chini, mto Rusizi unapobanwa na ukuta wa zege, kisha ukapanda juu ya nguzo na kupita juu ya migomba, juu ya mabati, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakiwasha koroboi, ukaenda zake kuwaka Bukavu, Bujumbura na Kigali. Mitaa michache ya katikati ya Kamembe ilidondoshewa kidogo, kama mgeni anavyowaachia watoto peremende mlangoni. Waliobaki walikuwa na Mudathiru.

Mudathiru alikuwa fundi wa betri. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na kilikuwa na waya halali, jambo ambalo watu walilitaja kwa heshima, kama wanavyotaja kwamba fulani amehiji. Betri zilimjia juu ya vichwa, juu ya baiskeli, ndani ya mikokoteni, kutoka Nyakarenzo na hata Nyakabuye. Miaka ile kila nyumba ilitaka redio. Vita vya ng'ambo ya mto, upande wa Bukavu, vilikuwa vimeanza mara ya pili, na miji iliyotajwa kwenye habari ilikuwa miji ambako watu wa Kamembe walikuwa na mashemeji.

Alikuwa na nguzo moja zaidi ya zile tano za dini yake: betri inayokaa bure inakufa. Kwa hiyo betri iliyoachwa kwake haikukaa bure. Ukichelewa kuja kuchukua yako, huenda ilikuwa imekwenda kuimba kwenye baa ya Nyakarenzo, au kumulika matanga ya mtu usiyemjua. Wateja walijua. Hakuna aliyelalamika, maana kila mwenye kulalamika alikwishawahi kuazimwa ya mwingine. Ilikuwa desturi, na desturi ina uzuri mmoja: haimwombi mtu ruhusa.

Hata hivyo ilikuwepo betri moja iliyokuwa nje ya desturi, na ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa betri ya gari jekundu la Mzee Harelimana. Gari lenyewe lilikuwa la milango miwili, fupi kwa kimo, limelala chini kama paka anayewinda. Lililetwa na kijana wa Kizungu wa shirika la misaada wakati wa kambi za wakimbizi. Kambi zilipovunjika kijana aliondoka kwa haraka, gari likabaki, na Harelimana, mfanyabiashara wa sukari na saruji, akalinunua kwa sababu ambazo hata mkewe Honorine hakuzipata. Lilitengenezwa kukimbia. Lakini kutoka Kamembe kwenda popote pale ni kona juu ya kona, na barabara pekee iliyonyooka katika mkoa mzima ilikuwa ile ya kurushia ndege. Kwenye kila tuta la barabarani tumbo la gari lilikwaruza, na Harelimana alikunja uso kana kwamba limekwaruzwa lake.

Kwa hiyo gari lilikaa ndani ya depo nyuma ya duka, chini ya turubai, na kutoka kwa kazi moja tu: kubeba maharusi. Siku moja, mbele ya kanisa, maharusi wakiwa wamekwishakaa ndani, lilikataa kuwaka. Wajomba wa bibi harusi walivua makoti wakalisukuma hadi mteremkoni, suti na tai na jasho, na watu wa soko wakapiga vigelegele visivyo vya harusi. Harelimana aliugua wiki nzima. Alipoinuka kitandani alimwita Mudathiru.

"Mudathiru, gari halikufa. Ni betri. Gari inalala, betri inakufa."

"Saa ya ndani inaikula, Mzee. Pole pole, kama kupe."

"Basi iweke we. Funguo za depo hizi hapa. Uitoe, uichaji, uirudishe. Sikuletei kama bantu ba redio. Ni amana. Unasikia? A-ma-na."

Harelimana alikuwa Mkatoliki, lakini alijua neno la kumfunga nalo Mwislamu. Akachora herufi H nyeupe ubavuni mwa betri, kwa rangi ya mlango, kubwa kuliko ilivyohitajika.

Muda mrefu Mudathiru aliitunza ile amana kama yai. Aliitoa, akaifuta vichwa vyake, akaiongezea maji ya mvua aliyoyachuja mwenyewe, akaichaji, akairudisha. Mle depo alimkuta mara nyingi Nzigire, mjane wa kabila la Kishi kutoka Bukavu, aliyevuka daraja kila asubuhi kuuza mafuta ya mawese sokoni. Harelimana alimruhusu aweke bidoni zake za mafuta kando ya gari, naye kwa malipo alifagia depo na kulifuta vumbi turubai.

"Papa Betri," Nzigire alimwambia kila walipokutana, "hii gari inakula vizuri kuliko batoto bangu. Na haitembeaki hata kuenda chooni."

"Ni gari ya mbio, Maman."

"Mbio gani? Mi ninatembea mara kumi kuipita. Unichaji miye!"

Jina hilo la Papa Betri alilibuni yeye, na soko zima lililichukua. Mudathiru hakulichukia.

Ikaja Ramadhani. Msikiti wao ulikuwa juu kidogo, mahali ambapo nguzo za umeme hazikuwa zimeona sababu ya kufika, na kipaza sauti chake kilitegemea betri iliyozeeka. Katikati ya mfungo betri ile ilikata roho. Shehe Nasoro, imamu, alimwangalia Mudathiru kwa jicho ambalo viongozi wa dini hulitunza kwa ajili ya mafundi.

Mudathiru alikwenda kwenye kibanda chake. Betri zote zilikuwa zimekwenda kazini. Iliyobaki ilikuwa moja, imejaa, inang'aa, ina H ubavuni.

Alijiambia maneno kadhaa njiani. Kwamba ni ya muda. Kwamba hakuna harusi katika mfungo, na za Wakatoliki nazo zimesimama kungoja Noeli. Kwamba betri inayokaa bure inakufa. Kwamba atamwambia Mzee Harelimana kesho. Na kweli Harelimana angekubali, tena kwa furaha, maana ni nani mfanyabiashara wa saruji asiyetaka kusikia jina lake likitajwa msikitini? Ilikuwa ni kusema tu. Lakini jambo la kusema tu ndilo mtu huliahirisha, kwa kuwa ni jepesi.

Aliiweka betri pembeni mwa msikiti, karibu na mihrabu, akaunga nyaya, na ule upande wenye H akaugeuzia ukutani. Hilo la kugeuza hakulipangia maneno. Mkono ulilifanya wenyewe.

Adhana ya magharibi siku hiyo ilisikika hadi ziwani. Baada ya sala Shehe Nasoro alisema mbele ya wote: "Ndugu yetu Mudathiru ametutolea betri. Mungu amlipe." Watu wakasema amin. Naye akasema amin. Kusema "si yangu" kungevunja swafu nzima.

Mkewe Uwamwezi alimpelekea futari na swali.

"Ile betri ulitoa, ulinunuaka siku gani?"

"Kula, mama. Tende zinapoa."

"Tende hazipoaki," alisema Uwamwezi, na hakuuliza tena.

Idi ilikuja na kupita. Mwaka ukageuka, bendera mpya ikapandishwa, watu wakajifunza wimbo mpya. Hakuna harusi iliyoliita gari jekundu, na betri ilibaki msikitini. Mudathiru aliichukua kila ilipochoka, akaichaji, akairudisha, lakini aliirudisha kule juu. Msikiti ulikuwa umezoea sauti nzuri, naye alikuwa amezoea kupewa mkono mlangoni.

Ndipo ikaja harusi ya Teta.

Teta alikuwa binti wa Harelimana, na mchumba wake Valens alikuwa luteni kule ng'ambo. Harusi ilikuwa imepangwa kwa Pasaka. Lakini Valens alifika ghafla na likizo fupi kama sala ya msafiri, akasema anarudishwa mbele na hajui lini atatoka tena. Kuhusu mambo ya kule mbele hakuna aliyemuuliza zaidi. Padri alielewa. Honorine alilia kidogo, akaelewa pia. Harusi ikasogezwa ikawa kesho yake.

Asubuhi Harelimana aliingia depo akiwa amevaa suti, akavuta turubai kama mtu anayezindua sanamu, akafungua boneti. Mahali pa betri palikuwa na shimo safi, na nyaya mbili zilizokaa zinaangaliana.

Mudathiru alipoitwa alikuta depo imejaa. Shangazi za bibi harusi wako mle, wamevaa hariri, wameshika pua kwa harufu ya mawese. Twagirayezu, karani wa duka, yuko mle. Na Shehe Nasoro, aliyekuja kwa adabu ya ujirani kutoa pongezi, naye amesimama pale, kanzu yake nyeupe pe.

"Mudathiru," alisema Harelimana kwa upole, maana hakuwa na shaka naye hata chembe, "betri iko wapi?"

Kama Shehe asingekuwepo, huenda angesema. Kama Harelimana angemfokea, huenda pia. Lakini wote wawili walimtazama kwa macho yaleyale ya kumwamini, na Mudathiru akaona kwamba neno moja la kweli lingewanyang'anya wote wawili kitu walichokipenda.

"Niliirudishaka, Mzee," alisema.

Ilikuwa rahisi hivyo. Wala mabati hayakuanguka.

"Ulirudisha. Sawa. Basi nani mwingine anaingiaka humu?"

Hapakuwa na haja ya kujibu, kwa sababu wakati huohuo Nzigire aliingia kuchukua bidoni zake. Alikuta macho yote yamemgeukia.

"Ni harusi ao ni kilio?" aliuliza.

"Betri ya Mzee imeibiwa," alisema Twagirayezu. "Na humu anaingiaka Papa Mudathiru, na weye."

Nzigire alidhani ni mzaha. "Mi nitafanya na betri nini? Nitapika nayo? Angalia mimi: kichwani bidoni, mgongoni bidoni. Betri ningeibeba kwa meno?"

Shangazi mmoja alicheka, kisha akakumbuka upande wake. "Hawa ba ng'ambo," alisema, "banaibaka hata moto ndani ya jiko."

Miaka ile vitu vingi vilikuwa vikivuka mto kutoka ng'ambo kuja upande huu, vingine kwa malori yaliyofunikwa turubai, na mtu mwenye akili hakuuliza vina nini. Lakini betri moja kuvuka kwenda kule, hilo kila mtu aliliona kuwa ni wizi wa wazi.

Twagirayezu alimtaka Nzigire karatasi yake ya kuvukia, ile wanayopewa wachuuzi pale mpakani asubuhi na kuirudisha jioni, akaitia mfukoni mwake. Bila karatasi ile Nzigire asingerudi kwa wanawe. Na mtu aliyetajwa mpakani kwa wizi hakuipata tena.

Alimgeukia Mudathiru. Hakuwa anatania sasa.

"Papa Betri. We unanijua. Sema."

Mudathiru alitazama lile shimo ndani ya boneti.

"Tungoje kidogo, Maman," alisema. "Itaonekana."

Ni yeye peke yake aliyejua jinsi maneno yale yalivyokuwa ya kweli.

Harelimana alitaka tangazo. Kengele ya kanisa ilikuwa na sauti lakini haikuwa na maneno. Kipaza sauti kilichosikika soko zima kilikuwa kimoja tu, na kilikwisha kutangaza mbuzi waliopotea na watoto waliookotwa, bila kuuliza dini ya mbuzi. Alimwomba Shehe, Shehe akakubali, akapanda na Mudathiru peke yao, na walipofika msikitini akampa maikrofoni.

"Tangaza we mwenyewe. We njo unaijua sura yake. Sema wazi, ni betri gani, rangi gani, kwamba imeibwa, na aliyeiona alete."

Mudathiru alipiga goti kuunga nyaya. Betri ilikuwa pale, imemgeuzia mgongo. Kipaza sauti kikakohoa, kikaamka, na mji mzima ukanyamaza kidogo ukidhani ni adhana imewahi. Alikuwa na maikrofoni mkononi na betri gotini. Kutangaza wizi wa betri kwa nguvu ya betri iliyoibwa ni jambo ambalo hata yeye, aliyeona mengi ya umeme, hakuwahi kuliona. Alifungua mdomo.

"Bantu ba Kamembe," sauti yake ilisema kutoka juu ya paa. "Betri ya gari nyekundu ya Mzee Harelimana... iliyopotea asubuhi... imeonekana. Asanteni."

Kamembe haikuwa imesikia kwamba imepotea. Ilipata habari zote mbili kwa pumzi moja, ikaendelea na shughuli zake.

"Imeonekana?" Shehe alikunja paji la uso. "Wapi?"

Mudathiru aliigeuza betri. H ilikuwa pale, nyeupe, kubwa kuliko ilivyohitajika.

Shehe Nasoro aliitazama. Alihesabu kimoyomoyo, bila shaka, adhana zote zilizotoka mle tangu mfungo. Kisha akafunga mlango.

"Aliyesitiriwa na Mungu asijivue nguo," alisema kwa sauti ya chini. "Tuipeleke. Tuseme iliachwa hapa ukutani. Na si uongo. Iliachwa."

"Na ule mwanamuke, Shehe?"

"Si ataachiwa? Betri imeonekana. Kosa liko wapi?"

Waliivingirisha betri ndani ya kipande cha jamvi kama maiti ya mtoto, wakaishusha.

Depo ilishangilia. Harelimana alimkumbatia Mudathiru, suti yake ikigusana na koti lililotobolewa na asidi. Betri iliingia kwenye shimo lake, nyaya zikakazwa, Harelimana akazungusha ufunguo, na gari likanguruma hivi kwamba shangazi wote waliruka. Alipouliza iliokotwa wapi, Shehe alisema ukutani mwa msikiti. Harelimana akatikisa kichwa kwa busara.

"Ameogopa. Amesikia tunatafuta, akatuma mwenzake aitupe."

Nzigire alikuwa amekaa juu ya bidoni pale mlangoni tangu asubuhi, mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyeona kwamba jambo hilo linamtetea. Twagirayezu alimrudishia karatasi yake kwa ncha za vidole.

"Enda. Na bidoni zako usizilete tena humu."

Aliinua bidoni zake moja moja. Alipompita Mudathiru hakumwita Papa Betri. Hakumwita kitu. Teta akapelekwa kanisani kwa gari jekundu, limefungwa maua, na halikusukumwa na mtu. Kwenye karamu Mudathiru aliwekewa sahani ya kwanza, nyama juu ya wali wa Bugarama, na Harelimana akasimama na glasi ya fanta kwa heshima ya dini ya fundi wake akasema, "Amana ingekuwa na sura, ingekuwa na sura ya huyu muntu." Mudathiru alikula.

Kuanzia siku ile msikiti uliadhini kwa koo. Muadhini alikuwa mzee mwenye kifua dhaifu, na sauti yake ilifika hadi kwenye duka la kwanza, ikapumzika.

"Betri yako imeenda wapi?" aliuliza Uwamwezi, akipepeta mchele. "Ile uliyotoa kwa Mungu."

Mudathiru aliokota punje zilizoruka chini.

"Uko unajua soko inamuitaka nani sasa Maman Betri?"

Alijua. Alikwishasikia. Jina lake lilikuwa limemhama, likavaa sketi, likaenda kukaa kichwani kwa Nzigire pamoja na bidoni zake. Wanawake wa mawese walilitumia kwa kucheka. "Maman Betri, sogea, usituunguze." Wanunuzi walishika mikoba walipompita. Hata mpakani, watu walisema, askari mmoja alimfungulisha kila bidoni na kuingiza kijiti, akamuuliza leo amebeba betri gani. Alikuwa hajakatazwa kuvuka bado. Lilikuwa ni suala la askari atakayeamka vibaya.

Mudathiru alikwenda kwa Shehe.

"Nataka kutangaza tena. Niseme ni mimi. Nitaje jina lake, kwamba hakuiba."

"Watu wamesahau, Mudathiru."

"Bamenisahau miye, Shehe. Yeye hawajamusahau."

Shehe Nasoro aliinuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa sauti nzuri. Akanyoosha mkono kuelekea kona ya msikiti, pale penye nyaya mbili zilizoning'inia.

"Basi tangaza," alisema. "Na betri gani?"

Ilikuwa kweli. Betri zote za kibandani zilikuwa ndogo za redio, hazingekiamsha kile kipaza sauti hata kikohoe. Ile iliyoweza ilikuwa chini ya turubai, ndani ya gari lisilokwenda popote.

Mudathiru alitoka, akashuka sokoni kwa miguu.

Ilikuwa siku ya soko kubwa. Alisimama mbele ya safu ya wanawake wa mawese, mahali ambapo mwanaume husimama tu akitumwa na mkewe. Nzigire alikuwa mwisho kabisa wa safu, juani, mahali wanapowekwa wageni. Alimwona, akaendelea kufuta mdomo wa bidoni.

"Banamuke," alisema Mudathiru. Kelele za soko zilimfunika. Akajaribu tena. "Banamuke, munisikilize!"

"Anatafuta muke wa pili!" alipaza mmoja, na safu yote ikaangua kicheko.

"Uwamwezi anajua?"

"Mwache aseme. Pengine anatoa betri sadaka."

"Ile betri ya Mzee Harelimana," alisema, "Nzigire hakuiba. Niliichukua miye. Ilikuwa msikitini tangu Ramadhani. Nilisema uongo mbele yake."

Kicheko kilikatika. Walimtazama. Kisha Marguerite, mwanamke mnene aliyekaa mbele na ambaye safu nzima ilimsikiliza, akatikisa kichwa polepole, macho yamelowa.

"Muone huyu muntu," alisema. "Muone moyo wake. Anajibebesha kosa la mwizi juu amemuhurumia."

"Mungu akubariki, Papa Mudathiru!"

"Bantu kama hawa bameisha dunia hii."

Mudathiru alihisi uso wake ukiwaka. Alikuwa amekuja kuvuliwa nguo, wakamvika joho. Alimtazama Nzigire. Nzigire alikuwa ameacha kufuta, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alikuwa anamkazia macho, kama mtu anayengoja kuona fundi atafanya nini na waya uliokatika.

"Hapana, Maman Marguerite," alisema. "Si huruma. Panda kule msikitini. Chungulia kwa dirisha la upande wa barabara. Pembeni, chini, asidi imekula saruji. Kuna alama ya pembe nne. Kama si sawa na betri ya gari ile, urudi uniite mutakatifu."

Marguerite alikuwa mtu wa kuamini macho yake. Alimwachia jirani mafuta yake, akapanda. Safu ilingoja. Mudathiru alisimama palepale. Wapita njia walisimama kuuliza kuna nini, wakaambiwa, wakasimama nao.

Alirudi akihema, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Iko," alisema. "Iko pale kama kaburi." Akamsogelea hadi Mudathiru akanusa mawese katika pumzi yake. "We mwanaume. Tulimucheka huyu mujane mbele ya bantu. Tulimutoa kwenye kivuli. Na we unapita hapa, salamu Papa Betri, salamu Papa Betri, unaitika?"

"Niliitika."

"Mwizi!" alisema mwingine. "Tena mwizi wa sala!"

"Na alikula nyama ya harusi!"

"Mnafiki mwenye waya halali!"

Waliendelea, na hawakukosa msamiati. Mudathiru aliinamisha kichwa akapokea. Lilikuwa jambo la aibu kuliko yote aliyoyapata maishani, na lilikuwa na ugeni mmoja ambao hakuutarajia: tangu mfungo, hii ilikuwa mara ya kwanza watu kumpa kitu kilicho chake.

Walipochoka, Marguerite aliinua bidoni za Nzigire mwenyewe, akazisogeza hadi kivulini, akamsukuma jirani yake apishe. Hakuomba radhi, maana pale sokoni kivuli ndiyo radhi. Nzigire alikaa. Alikunja kanga yake magotini, akatazama mbele.

Mudathiru alikwenda akasimama kando yake. Hakujua aseme nini, kwa hiyo alisema lisilofaa.

"Pole, Maman."

"Usinipe pole. Pole haipikwi." Alimimina mafuta kwenye kopo, akayatazama kwenye mwanga, akayarudisha. "Umesema kwa banamuke ba mawese."

"Ndiyo."

"Bado ba sambaza."

Mudathiru alitazama chini, upande wa pili wa soko, ambako wauza dagaa wa ziwa walikuwa wamejaa, wengi kuliko hawa, wakali kuliko hawa, na wenye sauti zilizozoea kupigana na upepo.

"Bado bale bapagazi ba kwenye daraja," aliendelea Nzigire. "Na ule askari mwenye kijiti. Na Mzee mwenyewe. Kwa Mzee tutaenda wote wawili, nataka nione uso wake. Lakini anza na ba sambaza. Bao njo balinitukana sana."

"Leo?"

"Tangu lini betri inachajiwa nusu?"

Mudathiru alifuta uso kwa pindo la koti. Nyuma yake, kule juu, muadhini alianza kuita sala ya adhuhuri kwa koo lake bovu, na hakuna aliyemsikia ila wale waliokuwa karibu. Alishuka kati ya vibanda. Wanawake wa sambaza walimwona anakuja, na mmoja wao, kwa furaha ya mtu asiyejua bado, akampungia mkono.

"Papa Betri! Karibu, leo iko mbichi!"

Alisimama mbele yao, akavuta pumzi, akaanza tena tangu mwanzo.